Mechi ya Kumbakiza Dada Miwani

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la viatu.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo wewe na kitambi chako? Mkazamjomba naye, goti limepoa? Mimi ni mzima, nazidi kupendeza, tatizo kioo changu ni kidogo.

Umeniuliza kwa nini kampuni inatudekeza sisi waandika programu, watu wa kukaa kitini mchana kutwa, wakati mafundi wako wa gereji wanalala chini ya magari. Tega sikio, nikupe somo mimi niliyeishia kidato cha pili na sasa nalipwa kwa kufikiri.

Mwezi uliopita Dada Miwani, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kuwasha kompyuta, alimwambia bosi anaacha kazi. Mjomba, nilikosa hamu ya kula, na unanijua mimi na sahani. Akiondoka yeye, nani atanisahihisha bila kunitangaza?

Bosi akahaha. Akatuletea viti vya kuzunguka, fulana, na meza ya kuchezea tenisi, akaiweka mlangoni petu. Eti vijana wafurahi! Kumbe aliyefurahi ni yeye. Tangu asubuhi ni tok, tok, tok, na kila akipumzika anachungulia: "Mmefika wapi?" Kuandika programu, Mjomba, ni kama kufungua injini nzima ukazishika nati zote kichwani. Mtu akikuita tu, nati zote chini. Hilo ndilo lililokuwa likimfukuza Dada Miwani.

Nikamwendea kifua mbele. "Bosi, tucheze. Nikikufunga, meza inahama, na asubuhi hakuna kutuingilia."

"Wewe? Nitakunyoa bila maji!"

Ofisi nzima ikatuzunguka. Sitaki kukuficha, alikuwa ananichapa, ila jua la dirishani lilikuwa upande wake. Mara wenzangu wakaanza kushangilia, mhasibu akamletea karatasi asaini, simu yake ikalia. Akakosa mpira, akakosa na wa pili, akafoka: "Jamani, nyamazeni! Mtu atapigaje mpira hivi?"

Dada Miwani akavua miwani, akaifuta taratibu. "Pole, bosi. Umefika wapi?"

Tulicheka mpaka mhasibu akakaa chini. Bosi akatutazama, akaitazama meza, akacheka na yeye. "Haya bingwa, shika huko." Tukaibeba hadi stoo.

Siku hizi asubuhi hakuna mikutano wala kuchungulia, maswali yote yanangoja mchana. Viti tumebaki navyo, vitamu kweli. Na Dada Miwani yupo! Jana kanirudishia kazi yangu imejaa makosa, nikafurahi kama mjinga.

Kwa hiyo nawe, Mjomba, acha kuwapigia honi mafundi wakiwa chini ya gari.

Nisalimie mkazamjomba, na binamu yangu Kifimbo, mwambie bado namzidi kwa kila kitu isipokuwa urefu. Mungu awape afya, na awazidishie magari mabovu, ya watu wengine.

Mpwa wako akupendaye hata ukimcheka,
Bingwa
(mechi haikuisha, kwa hiyo sikufungwa)