Propela ya Trela Chini ya Kigari Changu

Alhamisi, Busia. Mvua ya asubuhi imekatika, matope yamebaki.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwa wakazi wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na kwa madereva wote wa malori walio kwenye foleni ya forodha: leo gari langu limekwenda Tororo na kurudi, na propela iliyoondoka nalo ndiyo iliyorudi nalo. Bendera zipepee. Ofisi zisifungwe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: propela ni lile bomba refu la chuma chini ya gari, linalotoa nguvu kwenye giaboksi mbele na kuipeleka difu nyuma ili magurudumu yazunguke. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi, nilikitia kigari changu cha mbio injini yenye turbo, halafu nikaacha propela ileile ya injini ya zamani. Ni kama kumwachisha mtoto ziwa leo, kesho ukambebesha mfuko wa saruji.

Ikakatika. Mwezi uliopita, kwenye mashindano ya klabu yetu ndogo, nilipoachia klachi tu. Kipande kikapiga sakafu chini ya kiti cha msomaji njia wangu, ambaye ni mke wangu.

Mama Nekesa hakupiga kelele. Alishuka, akajipangusa vumbi. "Baba Nekesa, tafuta mtu mwingine wa kukusomea kona."

Kwa sauti ya upole kabisa. Mke wangu akinifokea, yataisha kabla ya chakula. Akinena kwa upole, nianze kutafuta wazee wa kunisemea.

Bila yeye sikimbii. Mtu mwingine akiniambia "kushoto", nabishana naye kwanza.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Tumekulia kati ya malori, kwa hiyo kila kitu tunakipima kwa lori. Turubai nzuri ni ya lori, kamba imara ni ya lori, hata kochi langu sebuleni lina springi za lori. Basi mimi na rafiki yangu Othieno, Mjapadhola mwenye karakana kule Tororo, tukanunua propela ya trela lililovunjwa, tukaikata, tukaichomelea, tukaifunga.

"Mzee Wandera, hii haiwezi vunjika," Othieno aliapa. "Hii hata treni inavuta."

Kweli haikuvunjika. Ilituvunja sisi. Kasi ilipopanda, gari zima lilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikadondoka. Mama Nekesa alikuja kutazama tu, amekalia kreti ya soda kando ya njia.

"Shemeji Othieno," aliita, "gari ndiyo inatetemeka ama ni mwenye gari?"

Othieno alicheka hadi akakaa chini. Halafu tukaacha kucheka tukaanza kufikiri, kazi ambayo tungeanza nayo.

Nilikuwa natafuta chuma kizito kuliko vyote. Sikuwa nimejiuliza ni nguvu kiasi gani inakifikia. Nilihesabu ya injini peke yake, nikasahau kwamba gia ya kwanza huizidisha kabla haijafika kwenye propela. Na uzito wa bure, ukizungushwa kwa kasi, unageuka adui. Bomba likisokotwa, linaokolewa na upana wake kuliko unene wa ukuta wake. Tukachagua pana zaidi, la ukuta wa wastani, lenye krosi kubwa, vile viungo vinavyopinda, kwenye ncha zote mbili, tukalipeleka kusawazishwa kwenye mashine hadi likazunguka kimya.

Halafu nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniomba: pete nene ya chuma iliyofungwa kwenye bodi, propela ikapita katikati yake. Ikikatika, itaning'inia humo.

Siwezi kumwahidi mke wangu kwamba chuma hakitakatika. Naweza kumwahidi kitaangukia wapi.

Pale kwa watu wa bodaboda nimeshasema kwamba leo tulipaa. Ukweli ni huu. Mama Nekesa alitandika gunia, akaingia chini ya gari, akaishika ile pete kwa mikono miwili na kuitikisa. Akatoka, akaketi kiti cha kushoto. Nikaondoka kama nimebeba trei za mayai.

"Hii ni harusi?" akauliza. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Mwenye gari alitetemeka, gari halikutetemeka. Kona ya kwanza niliikata vibaya, ya pili nikaingia matopeni, na tulifika Tororo polepole kuliko siku za injini ndogo. Hakuna aliyepaa. Lakini alinisomea kona zote mpaka ya mwisho.

Njiani kurudi nilitaka kumuuliza habari za mashindano ya Jumapili, nikaogopa. Nikazungumzia bei ya samaki wa Majanji, kule ziwani. Tulipokaribia nyumbani, yeye ndiye aliyesema, huku akitazama nje:

"Jumapili tuondoke mapema. Sitaki kula vumbi la watu."