Kiti Chako cha Mapokezi

Dada yangu Koku,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaisubiri marahaba yako, kama mjinga.

Leo nimefanya usaili wa kumpata mtu wa kukaa kwenye kiti chako. Tangu tulipokuzika kwetu Kagera, ofisi yetu ya bima hapa Kirumba imebaki na mimi na vijana wawili wa mauzo, na simu ya wateja anaipokea yeyote aliye karibu. Tunaipokea vibaya, dada. Wateja wengine wameshahamia kwa mawakala wa Igoma. Wakiendelea kuondoka nitafunga ofisi, na hicho ndicho kitu pekee tulichokianzisha pamoja.

Unakumbuka tulivyogombania kamisheni? Mimi nilitaka iende kwa waliouza tu, kama wanavyofanya mawakala wote. Wewe ukanimiminia chai, ukasema taratibu, "Kuuza ni siku moja. Mwakani mteja anarudi kwa aliyemsikiliza siku gari lake lilipopinduka." Kuanzia mwezi ule mtu wa mapokezi akawa anapata fungu sawa na wauzaji. Wenzetu walitucheka sana. Na wewe fungu lako la kwanza ulilimalizia soko la samaki la Mwaloni kwa sato wakubwa, ukatukaangia wote, ukabaki huna hata nauli ya kurudi nyumbani.

Halafu ile sheria yako. Mtu akipiga simu kutoka kwenye ajali, kwanza yeye, namba ya gari baadaye. Kwenye msiba wako alisimama mama mmoja muuza dagaa, akasema alishasahau alilipwa fidia kiasi gani, ila hajasahau kwamba ulikaa naye kwenye simu mpaka watu wa kumsaidia walipofika. Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini.

Basi leo niliwakalisha waombaji mezani kwako, mmoja mmoja, mimi nikaenda chumba cha nyuma nikapiga simu nikijifanya mteja aliyegongwa barabara ya Musoma. Wote wana vyeti vizuri na wanajua kuongea. Wa kwanza akaniuliza namba ya gari. Aliyefuata akataka kujua kama nina bima ndogo au kubwa. Nikakata tamaa, na nakiri nilikuonea hasira kwa kuniacha.

Wa mwisho ni binti wa Buswelu, anaitwa Neema. Nikamsimulia ajali yangu ya uongo. Akasema, "Pole sana. Wewe mwenyewe uko salama?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila kitu isipokuwa hilo.

"Dada, unanisikia? Usikate simu, niko hapa."

Nikabaki na simu sikioni, nalia, ukuta mmoja tu kati yetu, na yeye hakukata.

Anaanza kazi Jumatatu, kwa fungu lile lile ulilolipigania. Kitenge chako kilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti, sikuwa na moyo wa kukigusa. Leo jioni nimekitoa, na ninapokuandikia nimejitanda.

Pumzika, dada. Sijawa salama bado, ila sasa yupo wa kuniuliza.

Mdogo wako uliyemwachia ofisi