Kahawa Inayolala

Mkumbi,
18 Desemba 2022

Shangazi Walburga,

Shikamoo. Nimeapa kukuambia kila kitu, hata yale ambayo mama hayajui. Sisi hatujambo, ila mama bado hali vizuri tangu tumzike baba. Huko Lituhi mnaendeleaje? Mguu umepona?

Baba mdogo Pankras amechukua shamba. Alimwambia mama mbele ya watu, "Kunigunda, wewe una binti tu. Akiolewa, shamba la kaka limfuate kwa mume?" Mama aliinama akaendelea kuchambua maharage. Tumebakiwa na miti mitatu ya kahawa nyuma ya jiko, ile ya baba isiyougua chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha matunda. Ya shambani matunda yalikuwa yanaoza, kwa hiyo baba mdogo ameing'oa yote. Jana alikuja na panga.

"Haya msomi, nikatie vikonyo nikaoteshe."

Shangazi, yeye amezoea miche ya mbegu, si ya vipande vilivyokatwa mtini. Sisi Mwalimu Asnath alitufundisha kutazama majani yanavyojipanga. Kwenye chipukizi la wima, kila jozi ya majani inakatiza jozi iliyo chini yake. Ukichungulia kutoka juu unaona msalaba. Kwenye tawi la pembeni, jozi zote zimelala huku na huku kama miiba ya samaki. Kikonyo cha msalaba kinakuwa mti. Cha tawi la pembeni kinaota vizuri tu, kisha kinatambaa maisha yake yote.

Nilimkatia vya pembeni. Vyote. Akaniita mtoto mwema.

Mtoto wa kaka yako,
Bonifasia


Lituhi,
9 Januari 2023

Mwanangu Bonifasia,

Marahaba. Mguu unaniruhusu kufika ziwani, nashukuru. Msalimie mama, mwambie ale.

Barua yako imenichekesha mpaka kunguru wakala usipa, dagaa wetu wa ziwani, niliouanika. Kisha nikaacha kucheka. Pankras ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Lakini baba yako Florian naye nilimbeba, na siku ya matanga, sisi tunalia, Pankras alikuwa shambani anapima mpaka kwa hatua. Sitamwambia neno.

Ila usikae tu ukimsubiri aanguke. Na wewe otesha, vile vya msalaba. Mama asijue vyake Pankras vilitoka wapi, hajui kudanganya.

Shangazi yako,
Walburga


Mkumbi,
2 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe kimya changu. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema. Mama anakula sasa. Wewe na mguu wako je?

Miche ya baba mdogo aliihamishia shambani mvua zilipoanza. Imelala yote. Watu wakitoka misani wanasimama kumtania: "Pankras, maboga yako yanazaa lini?" Alitia mbolea. Alifunga vijiti ili isimame. Imeinamia upande wa pili. Mimi nilipita pale kila Jumapili, Shangazi, makusudi, na nilimwamkia kwa adabu.

Jana jioni alikuja nyumbani amekonda. Hakukubali kukaa kwenye kiti.

"Shemeji, chukueni shamba lenu. Kaka amenikasirikia. Hata kahawa yake inakataa kunisimamia."

Mama akalia. Leo wamekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na shamba limerudi. Lakini baba mdogo halali. Anataka tumpeleke kaburini akaombe msamaha, na mke wake anasema chakula hakimpiti kooni. Nilitaka aaibike, na ameaibika. Nilipomsikia akimtaja baba vile, nilifurahi. Kisha nikaona baba anasingiziwa. Baba hakuwahi kumkasirikia mtu kiasi hicho. Ni mimi.

Miche yangu iko tayari nyuma ya jiko, majani yake yamekatizana vizuri, na mvua bado ipo. Nikimwambia leo, anaweza kulirudia shamba. Nisipomwambia, atamwogopa baba mpaka kufa, na nusu ya moyo wangu inasema amwogope tu.

Barua hii nampa Alphonce wa lori la maharage, anageuza kurudi huku Jumatano. Nijibu kwa mkono wake: nipande kwanza ndipo nimwambie, au nisimwambie kabisa?

Mtoto wa kaka yako,
Bonifasia