Kiti ya Mutoto wa Kwanza

Naviundu, siku ya ine ya kilio

Yaya Idrissa,

Mvua iko inanyesha tangu asubuhi, na Sofia amezaa binti. Bote banakusalimu.

Baba tulimuzika Ijumaa. Ungemuona Mama Mbuyi, shefu wa avenue yetu! Anauzisha makala, hana hata ofisi, lakini siku ile yeye ndiye alipanga bantu: baliomuosha baba mbele, kisha bazee, kisha bajirani. Karibu na mimi akaweka kiti ya baba, ile yenye mikono. Unajua desturi yetu, ni mutoto wa kwanza tu anaikaliya.

Depite akafika na balinzi bane, akaenda kwa ile kiti moja kwa moja. Mama Mbuyi akasimama mbele yake.

“Pardon, mheshimiwa. Iko kiti ya Idrissa. Iko njiani anakuja.”

Depite akatazama mukeka, akavua viatu, akakaa chini pamoja na balinzi bake.

Yaya, sijaona mukubwa kama ule mama. Aliichunga kiti yako mpaka jioni, akitazama barabara. Sikuwa na nguvu ya kumuambia kama ulikataa kuja.

Mudogo wako,
Mounira