Ndege wa Mdomo Mnyoofu

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari wa ndege, kibao chako hapa kiooni kinasema uongo. Umesoma mpaka umeota mvi, na ndege mwenyewe hukumtazama. Miye nafuta kioo hiki kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia kwenye msitu wenu wa ndani ya jumba. Ndege wavumaji wawili, hawajazi kiganja, mbawa zavuma kama feni. Kibao: aina moja. Mmoja mdomo umepinda kama mundu. Wa pili umenyooka kama sindano. Aina moja wapi?

Kesho namwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia. Nakato, Mganda anayewalisha, alinikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. Daktari kamshika ndege, kapima mdomo, kafungua kitabu. Kweli, aina nyingine. Akanipa mkono mbele ya watu. Miye niliyeishia darasa la nne.

Nimerudi International City, mtaa wetu wa vibarua hapa Dubai, nikapika pilau. Wenzangu wa chumba wote wamekula.

Jumatano, 5 Novemba

Yule wa mdomo mnyoofu wamemhamishia tundu la pili, kwa mwenziwe wa aina yake. Nilifurahi. Mjinga miye. Yule mwenyeji kamrukia hapo hapo, kamfukuza kwenye chupa ya maji ya sukari. Chupa yenyewe moja. Kule alikotoka, aliyepinda mdomo alinyonya maua yaliyopinda, huyu yaliyonyooka. Hawakugombana hata siku moja. Hapa wote wawili wanataka ua lile lile.

Daktari: "Khalas, basi, mama. Watazoeana."

Alhamisi, 6 Novemba

Hawakuzoeana. Mgeni kala mara mbili tangu asubuhi, kwa kuiba. Kakaa tawi la chini, manyoya yamefura. Nakato anasema hawa wakikosa kula kutwa moja hawaioni kesho.

Nimemwomba daktari amrudishe. Kasema kule si kwa aina yake. Maneno yangu mwenyewe, kanirudishia. Funguo si zangu. Sina la kufanya.

Jumamosi, 8 Novemba

Kafa jana. Nakato kamkuta majanini. Kaniwekea kiganjani, mwepesi kama karatasi.

Chumbani wameniuliza, vipi yule ndege wako, Bibi? Nikageukia ukutani.

Leo nimefuta kioo kama kawaida. Kibao kipya kizuri, jina sahihi. Jumatatu analetwa mwingine, aina hiyo hiyo.

Nakato, kabla hajafika, tundika chupa ya pili tunduni, nyuma ya mgomba. Yule mwenyeji asiione.