Tone la Mate

Mbalibali

Mwanangu Elieth,

Sisi ni wazima. Tembo wamekula mahindi ya upande wa mto, mtama umepona. Naandika kwa sababu kwenye simu mdomo unanikauka kabla sijamaliza neno.

Ujumbe wako nimeusoma. Umenieleza kidaktari kwamba ile mionzi niliyotibiwa shingoni ndiyo iliyokausha tezi zangu za mate, za chini ya masikio na za chini ya taya. Sawa. Ugali sasa nausukuma kwa maji. Lakini kusema kwamba siku ya harusi yako baba yako mdogo Nchagwa ndiye akutemee kifuani mate ya baraka, ambayo kwetu ni kazi ya baba mzazi, mimi nikae tu, hilo nimelikataa.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba mishipa ya fahamu ya ulimi bado ni mizima. Basi kila asubuhi nalamba ndimu, nasubiri. Juzi lilikuja tone moja. Jana hakuna kitu. Leo mawili, mama yako ameyaona.

Siku hiyo niwekeeni ndimu, na Nchagwa akae nyuma yangu. Nikisimama mbele yako nikakawia, usisogee.

Baba yako,
Kisyeri