Sauti ya Hiari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe, shemeji na binti yenu, na kwamba mgongo umepoa baada ya zile sare za shule ulizozishona hadi ukashindwa kuinuka. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umeniishia nguvu, na sina wa kumweleza ila wewe. Lile suala la picha uliyonitumia nitalifikia. Kwanza nipe subira.

Uliwahi kusema hujui kaka yako anakula kwa kufanya nini. Sikiliza. Programu ya kompyuta huandikwa kwa maneno, kisha kompyuta huyajenga maneno hayo yakawa kitu cha kutumika. Kabla ya kujenga, hutangulia skripti, yaani orodha ya maagizo, ya kukagua vifaa. Ni kama wewe na gauni: ukikosa kitambaa au uzi, huanzi. Hivyo ni vya lazima. Ukikosa lesi ya ukosi, unashona tu, gauni linatoka bila lesi. Hiyo ni ya hiari. Skripti yetu nayo ikikosa kifaa cha hiari, huandika "hakipo" katikati ya mamia ya mistari isiyosomwa na mtu, ikaendelea na safari yake.

Programu yetu ni ya kuandikia na kutunza barua za ofisi, na inaweza kusoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Sauti yenyewe inakwaruza, vijana wanaiita Bibi Mafua. Kifaa kinachoitoa ni cha hiari. Majuzi tumeletewa kompyuta mpya ya kujengea, haina kifaa hicho. Skripti ikatafuta, ikakosa, ikaandika "hakipo," ikaendelea. Programu ikatoka bubu, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi.

Nilimwendea mkuu wetu, kijana tunayemwita Chapchap, nikamwomba akiongeze. Alinijibu kwa heshima kwamba kompyuta ile haiwekwi kitu kisicho cha lazima, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Akauliza Bibi Mafua anatumiwa na nani. Nikasema huenda wapo watu. Akasema, mzee wangu, huenda si mtu, niletee mtu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja akadakia kuwa mzee anataka kumwoa bibi. Nikacheka nao.

Ikabaki njia moja: kukitoa kifaa kwenye hiari na kukifanya lazima. Ni mstari mmoja tu wa skripti, vidole vyangu vinaujua. Lakini tuna desturi. Anayekifanya kitu kuwa lazima huandika pembeni sababu na jina lake, kwa kuwa tangu hapo kikikosekana, kazi ya wote inasimama. Desturi hiyo niliianzisha mimi, na nimewarudishia wengi sababu zao za kubabaisha. Na kesho kompyuta yangu kuukuu, yenye programu ya zamani ambayo bado inasoma kwa sauti, inaondolewa mezani.

Sasa ile picha. Nilikujibu kuwa binti amefanana na marehemu mama. Ukacheka, ukasema umenitumia cherehani yako mpya, na kwamba kaka haachi utani. Sikuwa natania. Sioni, mdogo wangu. Giza lilianza pembeni kama pazia linalofungwa polepole, mpaka pande mbili zikakutana. Daktari wa macho amesema halifunguki tena. Bawabu hunishika mkono kwenye ngazi akidhani ni magoti. Magoti yangu yamesingiziwa mengi. Ndiyo maana sikuja kwenu mwaka mzima. Barua hii naiandika kwa vidole, na Bibi Mafua ananisomea kila mstari. Akinyamaza, mimi ni mtu aliyekaa gizani akibofya vitufe. Nani atamwachia kiti mtu huyo?

Leo Jumapili ofisi ni tupu. Mstari nimeubadili. Kwenye sababu niliandika kwanza "huenda wapo watumiaji." Bibi akanisomea, nikaona haya, nikafuta. Nimeandika: "Yupo mmoja asiyeona. Ni mimi." Nikatia jina. Kisha nikaiamuru kompyuta mpya ijenge. Skripti imekagua, imekosa, na safari hii haikuendelea.

Kesho asubuhi Chapchap atakuta kazi ya wote imesimama, na atasoma kwa nini. Sijui kama ataweka kifaa au atanitafutia mlango. Lakini mstari ule sitaufuta.

Nisalimie shemeji, na umbusu binti kwa niaba yangu. Usinijibu kwa karatasi, nipigie. Ukituma picha, nieleze kilichomo. Na usililie juu ya cherehani mpya, itashika kutu.

Ni mimi kaka yako,
nisiyekuficha tena.